Funda la Maji

Nyumbani kwa Iya Alagbo,
Itoko, Abeokuta.
Septemba 14, 2009.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, dada. Nimepiga magoti yote mawili hapa nilipo, ingawa goti la kushoto linanisema vibaya siku hizi na daktari ameniambia niliache lipumzike. Nitalipumzisha nikishamaliza kukusalimu. U hali gani? Hiyo baridi ya Jos haijambo? Bado unalala na soksi? Na macho yako, umeshakwenda kuyapima, au unangoja mpaka uanze kuwaamkia watu kwa kuwapapasa? Nisalimie watoto wote wa marehemu shemeji, hasa Ladi. Mwambie viazi alivyonitumia vilifika vizima, na kwamba nusu viliibiwa na mwanangu mwenyewe, Kolapo.

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Mvua ya mwaka huu imekuwa ya fujo, imeuangusha ule ukuta wa nyuma uliokuwa na mtungi wa kunawia miguu. Utanisikia nikiutaja tena huo mtungi. Mke wa Kolapo amejifungua salama, mtoto wa kike. Tumemwita Yetunde, yaani mama amerudi, maana tangu siku ya kwanza anakunja uso vile vile kama Mama akionja dawa yake ya agbo iliyopoa. Kolapo mwenyewe ni mzima, ila amezidi kuwa mtu wa makaratasi, hata akila ana kalamu sikioni.

Sasa nisikilize. Biashara ya Mama imekua mpaka inanitisha. Ile agbo ya homa tuliyokuwa tukiichota kwa kata na kuitia kwenye chupa tupu za mvinyo, leo inachemshwa kwenye mapipa ya chuma yanayong'aa, inatiwa kwenye chupa za plastiki zenye kifuniko cha kijani, na ofisi ya serikali imeipa namba. Chungu cha Mama bado kipo. Kila Jumatatu tunakichemsha hicho kwanza, kwa lile jani letu, halafu kata moja moja inapelekwa kwenye kila pipa. Kolapo alitaka kukiweka kwenye kabati la vioo ili wageni wakitazame. Nikamwambia akikitia chungu cha bibi yake kabatini, anitie na mimi humo humo nikae karibu yake.

Mwezi wa kumi na moja tunatimiza miaka sitini, na Kolapo anataka boksi jipya la kutilia chupa. Ubavuni mwa boksi iandikwe historia ya nyumba yetu. Ameshaiandika. Alikuja nayo Jumamosi akanisomea akiwa amesimama wima kama mhubiri. Inasema Mama, Iya Alagbo, alianza mwaka 1949 na beseni moja kichwani. Inasema jani la siri la nyumba hii huchumwa alfajiri na wanawake wenye maji mdomoni, wasiosema na mtu. Halafu inasema, maneno yenyewe haya: "Mdomo huo ulirithiwa na binti yake Awero, ambaye miaka yote hajawahi kutamka neno hata moja kwenye njia ya jani." Chini yake jina langu, saini yangu, na picha yangu nimejaza maji mashavuni. Jina lako halimo, dada, hata mara moja. Kolapo akaniuliza kama naumwa, maana mimi kukaa kimya ni dalili.

Mchapishaji wa Shomolu anangojea saini yangu. Nimemwambia Kolapo sitii saini mpaka wewe unijibu barua hii. Kuna jambo sikukwambia kwa miaka thelathini na minane, na siwezi kuliweka jina langu chini ya maneno yale kabla hujalisikia kutoka kwangu. Nitalisema humu humu, ila nipe nafasi nilifikie kwa miguu yangu. Huenda ukishalisoma usitake tena kunijibu, wala kuja kwenye sherehe, wala kusikia jina langu. Hilo ndilo ninaloliogopa, na naliogopa kweli kweli.

Tangu Jumamosi sina kazi nyingine ila kukumbuka. Unamkumbuka Mama alivyokuwa akisimulia mwanzo wake? Wewe ulikuwa mgongoni, mtoto wa miezi mitatu, yeye ana beseni la enameli kichwani, anatembea kando ya treni pale stesheni ya Lafenwa akiwauzia abiria kupitia madirishani. Abiria mmoja akaonja, akatema, akapiga kelele kwamba dawa hii chungu kama mke mwenza. Mama akamjibu, "Mke mwenza hatibu homa, lipa!" Behewa zima likacheka, wakanunua beseni lote. Hadithi hiyo aliisimulia kila alipopata mgeni, na kila mara behewa lilizidi kuwa refu.

Mimi nilipopata akili ule uwanja wa nyumbani ulishakuwa ufalme. Chungu juu ya mafiga matatu, tumbo jeusi tii. Mwarobaini unaning'inia upande huu, mchaichai upande ule, maganda ya mananasi yameanikwa juu ya paa la kuku, na maji machachu ya ogi, uji wa mahindi, ndani ya mtungi yananukia mpaka barabarani. Sisi wawili tunaosha chupa kwa mchanga na kuchonga vizibo vya magunzi. Wewe vizibo vyako vilikuwa vizuri, vya mviringo. Vyangu vilikuwa kama meno ya mzee. Wateja walikuwa wakichagua: "Nipe chupa ya Anike, ya Awero itanimwagikia mfukoni!" Nilikuwa nakasirika, lakini walikuwa wanasema kweli.

Na jani. Hata leo silitaji kwenye karatasi, ingawa Kolapo ananiambia serikali inalijua jina lake mpaka la kizungu. Tuliamka kabla jogoo wa jirani hajamaliza mambo yake. Mama anasimama mlangoni na kibuyu, anatutia kila mmoja funda moja la maji mdomoni. Funga mdomo, twende. Kusema hapana, kugeuka nyuma hapana. Wewe mbele kwa kuwa mkubwa, mimi nyuma. Tunakwenda mpaka nyuma ya lile jiwe kubwa, tunachuma, tunarudi, na mlangoni Mama amekinga kiganja. Wewe unatema maji kwenye kiganja chake, mimi natema, anayamwaga yote miguuni mwa chungu, ndipo anatuambia, "Haya, wanangu, mmeamkaje?" Hapo ndipo siku inaanza.

Mtu wa kwetu asiposalimia ni heri angeiba. Lakini mji mzima ulituelewa. Tulipiga magoti kwa kila mkubwa tuliyekutana naye, na kama ni mgeni asiyejua, yupo mtu wa kutusemea. Mara nyingi alikuwa Mama Risi, yule muuza akara, maandazi ya kunde, wa pale njia panda, na sauti yake kama honi ya lori: "Usiwaone kimya! Wana maji ya dawa mdomoni. Wanakusalimu!" Mgeni anacheka, anatubariki, tunakwenda zetu. Mama alikuwa akijisifu kwa wateja kwamba mimi nyumbani ni redio isiyozimwa, lakini nikishika kapu la jani nageuka jiwe. Wateja walishangaa. Hata wewe ulikuwa ukinishangaa.

Sasa namfikia Sesan. Karani wa tiketi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni ili watu wajue. Alianza kuja kununua agbo, leo chupa, kesho chupa, mpaka Mama akamwambia mbele ya watu wote, "Kijana, wiki hii umekunywa chupa nne za homa na hata jasho sijaliona. Ugonjwa wako hautibiwi na chungu hiki." Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, wewe ukakimbilia jikoni na kufunga mlango. Hukuwahi kusema kwamba unampenda. Ila mimi niliona unavyomchagulia chupa yenye kizibo kizuri kuliko vyote, na nilikuona ukijifunza kupika ikokore, chakula cha kwao Ijebu, ukiungua vidole na viazi vikuu na kukataa kusaidiwa.

Mama yake alipangiwa kuja Jumamosi mchana, mwezi wa sita, mwaka 1971. Wewe una miaka ishirini na miwili, mimi kumi na saba. Mchele umekwisha kupetwa, mbuzi amefungwa uwanjani, wajomba wamekopeshana kofia. Lakini yule mama alikuwa mjanja. Akaja tangu Ijumaa, akalala kwa ndugu zake mtaa wa Ijemo, na Jumamosi alfajiri akatoka kwa miguu peke yake. Hakutaka kuonyeshwa msichana aliyeogeshwa na kupakwa mafuta. Alitaka kukuona wa asubuhi, na matongotongo yako. Watu wakamwelekeza vizuri sana: "Wafuate njia ya jiwe, utakutana nao." Hakuna aliyemwambia habari ya maji. Kwetu nani angefikiri kwamba kuna mtu hajui?

Njia ilikuwa tope tupu, mvua imenyesha usiku kucha, na Mama Risi hakutoka siku hiyo kwa sababu kuni zake zililowa. Tulikutana naye pale njia inapobanwa na jiwe. Ulimjua, maana Sesan alikuonyesha picha yake. Ukapiga magoti kwenye tope, kapu kichwani, kichwa chini. Akakuuliza, "Wewe ndiye Anike?" Ukaitikia kwa kichwa. Akasema, "Nimekuuliza, mwanangu, mimi ni mama yake Sesan." Ukazidi kuinama mpaka majani yakadondoka, halafu ukanyoosha kidole ukamwonyesha shavu lako, kwamba limejaa. Yeye akadhani unamkejeli. Nasikia sauti yake mpaka leo: "Ala! Mtu mzima nimesimama kwenye matope, mtoto ananitikisia kichwa kama mjusi wa ukutani! Na shavu ananionyesha!"

Halafu akanigeukia mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yako, mashavu yangu yamevimba kama yako. Akaniuliza, "Haya wewe mdogo, niambie. Huyu dada yako ni bubu, au ni jeuri?" Nikamtazama. Akangoja, dada. Watu husema alikuwa na hasira, hakungoja. Alingoja. Nilihesabu matone matatu yakianguka kutoka kwenye jiwe. Kisha akasonya, akakusanya nguo yake, akapita.

Ulirudi nyumbani ukilia na mdomo umefungwa. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kifuani na hukuruhusu hata tone la yale maji likutoke. Ukafika mlangoni, ukayatema kwenye kiganja cha Mama, ndipo ukapiga yowe. Mimi sijawahi kusikia sauti kama ile tena, hata siku ya kumzika Mama.

Mchana hawakuja. Wali ukapoa, mbuzi tukamfungua. Jumanne Mama alikwenda Ijebu na wazee wawili na kokwa za kola za kuombea radhi, akaeleza mambo ya maji. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maelezo hayo mmeyashona njiani mkija huku. Kama ni kweli, walikuwa wawili pale, hapakuwa na mtu wa kuniambia neno moja? Na kama desturi yenyewe ni hiyo, kwamba jani linathaminiwa kuliko mtu, mwanangu ataishi vipi na watu kama ninyi?" Sesan hakuwa mtu wa kushindana na mama yake. Kabla mwaka haujaisha alioa kwao.

Wewe hukumlaumu mtu. Ulikataa tu kwenda tena kwenye jani, na Mama, ajabu yake, hakukulazimisha. Mwezi uliofuata Mjomba Ayinla akatuma habari kwamba fundi cherehani mmoja wa Jos anataka mke. Nilikusindikiza Lafenwa. Treni ilipoanza kusogea ulinishika kidevu kupitia dirishani, ukaniambia, "Awero, shika sana huo mdomo wako. Kazi hii ni yako, mimi imenishinda." Nilikimbia na treni mpaka mwisho wa jukwaa ili nikwambie jambo, na sikukwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile, mbele ya mama yake Sesan, mdomo wangu ulikuwa mtupu.

Haukuwa na maji hata tone. Ulikuwa umejaa upepo. Na haikuwa siku ile peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mara ya kwanza: mbuzi wa Mama Risi aliingiza kichwa kwenye kapu lake, akatoka mbio na kilemba cha mwenyewe kimenasa kwenye pembe, nikacheka, funda likateremka kooni. Niliogopa, dada. Nilidhani atakayekunywa dawa ile atakufa. Siku nzima nilikuwa namwangalia mtoto wa mlinzi wa reli aliyekuja kuchukua chupa, yule aliyekuwa anatetemeka kama jani. Jumapili nikamkuta anacheza mpira. Basi kesho yake nikameza kwa makusudi, nione. Watu wakapona. Tangu hapo nilikuwa nayameza hata kabla hatujafika pembeni mwa nyumba. Wewe ulikuwa mbele, hugeuki, sheria ni sheria. Huku nyuma nilikuwa naongea na Mama Risi kwa kunong'ona, nakula akara zake, naimba puani. Tukirudi, pale kwenye ukuta wa nyuma nachota funda kwenye ule mtungi wa kunawia miguu, najaza mashavu, naingia nyuma yako kama malaika. Miaka sita.

Kwa hiyo alipokuwa amesimama pale akiniuliza, maneno yote nilikuwa nayo ulimini. Yale yale ya Mama Risi, nilikuwa nayajua kama jina langu. Mama alikuwa ameapa kwamba atakayevunja maji ataosha chupa mpaka aolewe, na chungu hatakigusa tena. Nami nilikipenda kile chungu. Wewe ulikuwa na vizibo, una Sesan, una upole ambao watu walikusifia. Mimi nilikuwa na sifa moja tu katika mji ule, kwamba Awero msema ovyo hunyamaza kwenye jani. Nikaiona ile sifa inaondoka. Nikajiambia Mama ataeleza jioni, mambo yatakwisha. Nikajaza upepo zaidi mashavuni. Nimeshaandika, siwezi tena kulifuta, na machozi haya unayoyaona kwenye karatasi usidhani nimemwaga chai.

Kuna na lingine, na hili niliapishwa nisikwambie. Mwaka 1994, wiki ya mwisho ya Mama, nilikuwa namwosha mikono. Akanishika, akasema, "Awero, kiganja hiki kilijua. Maji ya Anike yalikuwa ya moto kila siku. Yako yalikuwa ya baridi." Maji yaliyokaa mdomoni mwendo wote ule hupata moto, na ya mtungini ni baridi. Mimi mwerevu sikuwahi kulifikiria. Alijua miaka yote. Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Akasema watu walikuwa wanapona, na kama wanapona, aseme nini, na wewe mwenye maji ya moto ulikuwapo? Nikamuuliza je, ile Jumamosi? Hapo aligeuza uso ukutani. Baadaye sana akasema asubuhi ile alipokinga kiganja, funda la kwanza moto na la pili baridi, alielewa kila kitu kabla hata hujamaliza kulia. Alikwenda Ijebu akijua, na mbele ya wale wazee hakuthubutu kusema kwamba mmoja wa watoto wake angeweza kusema. Angesema hivyo, na nani angenunua tena dawa yake? Akaniambia nisikwambie, kwamba itakuumiza bure. Nimelibeba miaka kumi na mitano kwa sababu lilinifaa kulibeba.

Utauliza kwa nini leo. Mwezi uliopita mmoja wa wachumaji wetu, Mama Tobi, mtu mzima mwenye watoto watatu, alikutana njiani na kikongwe mmoja mgeni, amepotea, analia. Akameza maji yake pale pale, akamwamkia, akamshika mkono mpaka barabarani. Halafu akaja kwangu na kapu, mbele ya wenzake wote, akasema, "Mama, nimemeza. Nimesema na mtu. Majani niyatupe?" Hakutetemeka hata kidogo. Nilimtazama yule mwanamke, nikakaa juu ya kreti la chupa. Nikamwambia ayatie chunguni. Kisha Jumamosi hii iliyopita Kolapo akaja na karatasi yake.

Sijui kama maji yale yana kazi, dada. Kwa muda mrefu nilijiambia hayana, na kwa hiyo kosa langu ni dogo. Siku hizi nafikiri vingine. Kapu lako na kapu langu yaliingia chungu kimoja miaka yote ile, na huenda kila aliyepona alipona kwa kapu lako. Ulipoondoka nilianza kuyashika yale maji kweli, kwa hofu, na nimeyashika mpaka leo. Lakini hilo haliwezi kwenda kwenye boksi kama sifa yangu.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye karatasi ya Kolapo nimekata jina langu na kuandika lako, kwa mwandiko wangu huu mbovu: kwamba mdomo uliofungwa ulikuwa wa Anike. Mwenyewe hajaona. Ukikubali, nitamweleza yote, na boksi litachapishwa hivyo, na picha iwe yako. Ukikataa, boksi litatoka bila historia, watu wanywe dawa tu. Na chungu ni chako. Kilikuwa chako tangu asubuhi ile. Ukisema niondoke karibu yake, nitaondoka, chupa najua kuziosha.

Sherehe ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Sikuombi uje kwa ajili yangu. Njoo umwone Yetunde, njoo uchonge kizibo kimoja ili vijana hawa wajue kizibo ni nini. Ukija na hasira, njoo nayo hivyo hivyo, chumba chako kinapigwa rangi. Wote hapa wanakusalimu, Kolapo na mkewe wanakusujudia, na Mama Risi, ambaye yu hai na ana miaka tisini na sauti ile ile, anasema umwletee zile karanga za Jos. Nisalimie jirani zako, na ulinde kifua chako na baridi.

Kabla sijatia jina langu, niache niandike maneno niliyokuwa nayo mdomoni asubuhi ile. Yamechelewa, na aliyepaswa kuyasikia amekwisha kufa. Lakini yalikuwa yako, nami niliyameza, kwa hiyo nakurudishia:

Shikamoo, mama. Usimwone dada yangu kimya. Ana maji ya dawa mdomoni. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Awero.